Risasi ya kuvulia, risasi ya kuwindia: Ipi ipande jahazi la Burgao?

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

MFANYABIASHARA anayepakia vifaa vya uvuvi Lamu au Kizingitini ili avipeleke Burgao ana neno moja la kuchunga kuliko mengine yote katika karatasi ya mzigo wake. Neno hilo ni risasi.

Kwa Kiswahili, risasi ni madini mazito ya rangi ya kijivu yanayotengenezewa chubwi za mishipi na nyavu. Risasi pia ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Asili ya neno ni Kiarabu, na jirani zetu Wasomali wanalo hilohilo: kwao ni rasaas, nalo hubeba maana zote mbili. Kwa hiyo nahodha anayeandika "risasi kilo 50" kwenye orodha yake anaweza kueleweka vibaya upande wowote wa mpaka, na mahali penye vikosi na vizuizi vingi kama pwani ya Kismayu, kueleweka vibaya kunagharimu siku, mzigo au uhuru.

Hata hivyo jina ni sehemu ndogo ya tatizo. Iwe chubwi, iwe marisau ya kupigia ndege, risasi ni sumu. Nchi nyingi zimeanza kuiondoa kwenye bunduki za wawindaji wa ndege wa majini, na baadhi zimeiondoa kwenye mishipi ya wavuvi. Biashara ya mipakani itaguswa na mabadiliko hayo, na ni heri mfanyabiashara ayajue kabla hajafunga mzigo.

Mpaka mmoja, sheria nyingi

Burgao, ambayo Wasomali huiita Buur Gaabo na Waingereza waliiita Port Durnford, iko kwenye mlango wa hori lenye mikoko kati ya Kismayu na Ras Kamboni. Hadi mwaka 1925 ilikuwa ndani ya Jubaland ya Waingereza, sehemu ya koloni la Kenya, kisha eneo lote likakabidhiwa Italia. Ndiyo maana familia za Kibajuni za Burgao, Chovai, Chula na Koyama zina ndugu Kiunga, Faza, Lamu na Mombasa. Mpaka uliwekwa juu ya watu ambao tayari walikuwa wakioana na kuuziana samaki.

Leo Somalia imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakuu wa nchi waliikubali Novemba 2023, ikatia saini mkataba Desemba mwaka huohuo, na Machi 2024 ikawa mwanachama kamili. Lakini kuingia katika Jumuiya hakukufungua kila mlango. Mei 2023 Kenya ilitangaza kwamba vituo vya mpakani vya Mandera, Liboi na Kiunga vingefunguliwa kwa awamu, na Julai ikaahirisha kwa sababu za usalama. Wanachama wapya huchukua muda kulinganisha sheria zao za forodha na za wenzao.

Kuhusu silaha, msimamo wa Jumuiya hauna utata. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaziweka silaha na risasi zake, yaani bidhaa za Sura ya 93 ya orodha ya forodha, miongoni mwa bidhaa zinazozuiliwa bila kibali. Mfumo Rahisi wa Biashara, unaomsaidia mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizokubaliwa kwenye orodha za nchi jirani, na katriji si moja ya bidhaa za mchuuzi.

Juu ya hayo kuna Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo. Somalia, Kenya, Tanzania na Uganda zote zimo katika kituo cha kanda kinachoisimamia, RECSA, chenye makao yake Nairobi. Itifaki inazitaka nchi ziweke alama kwenye kila silaha, zitunze kumbukumbu zake na zidhibiti kila anayeuza, anayenunua na anayesafirisha.

Wako wanaosema kwamba Desemba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliondoa vikwazo vya silaha vilivyokuwapo tangu 1992, hivyo njia sasa ni nyeupe. Wanaosema hivyo wamesikia nusu ya habari. Kilicholegezwa ni vikwazo dhidi ya serikali ya Somalia na vyombo vyake vya usalama. Vikwazo dhidi ya Al-Shabaab vilibaki, na mtu binafsi mwenye jahazi hakupewa ruhusa ya kupakia baruti. Katriji moja ya kuwindia bata ina baruti na fataki kama risasi nyingine yoyote. Askari wa doria baharini hatamuuliza nahodha kama ilikusudiwa kanga au binadamu.

Kwa hiyo mteja wa ng'ambo akikuomba umletee nyavu, mafuta, unga "na pakiti mbili za katriji", jibu la mwisho wa ombi hilo ni hapana, hata akiwa shemeji yako.

Bata bukini na chembe za risasi

Hata hivyo, inafaa kuelewa kwa nini katriji zenyewe zinabadilika, kwa sababu wapo wasomaji wetu walio na leseni halali Tanzania na kwingineko, na kwa sababu sumu iliyomo kwenye katriji ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye chubwi.

Bata bukini ni ndege wa maji baridi. Hupatikana kwenye mito, mabwawa na mashamba ya mpunga, hivyo nyumba yake katika ukanda huu ni kandokando ya Mto Juba na kwenye delta ya Mto Tana zaidi ya mikoko ya Burgao. Yupo pia bata mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye bawa, ambaye dume lake hufikia kilo 6 na zaidi. Wote hupenda kula nafaka, na wote hawana meno.

Kwa kukosa meno, bata humeza changarawe ndogo. Changarawe hukaa kwenye firigisi na kusaga chakula. Bata anapochokoa tope la bwawa lililopigiwa bunduki kwa miaka, haoni tofauti ya changarawe na chembe ya marisau. Akiimeza, firigisi huisaga, tindikali ya tumbo huiyeyusha, na risasi huingia kwenye damu. Ndege hulegea mabawa, hukonda na kufa pembeni ya maji bila kupigwa na mtu. Tai na fisi wanaokula mzoga hupata sehemu yao.

Hesabu ya chembe hizo si ndogo. Katriji ya kawaida ya geji 12 yenye gramu 32 za marisau ya milimita 2.8 hubeba chembe zinazokaribia 250. Hata mpigaji hodari humpata ndege kwa chembe chache tu. Nyingine zote hubaki kwenye tope, na risasi haiozi.

Ndiyo maana Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa uwindaji wa bata na bata bukini nchi nzima mwaka 1991. Watafiti waliopima matokeo walikadiria kwamba katika mwaka 1997 peke yake bata wapatao milioni 1.4 waliokolewa na marufuku hiyo. Denmark iliondoa marisau ya risasi kwa uwindaji wote mwaka 1996. Uingereza ilianza na ndege wa majini mwaka 1999. Umoja wa Ulaya ulizuia marisau hayo kwenye ardhi oevu zote, na umbali wa mita 100 kuzizunguka, kuanzia tarehe 15 Februari 2023.

Afrika nayo imo. Mkataba wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, unaofahamika kama AEWA, uliafikiwa The Hague mwaka 1995 na kuanza kutumika 1999. Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama. Mkataba huo unazitaka nchi zikomeshe matumizi ya marisau ya risasi kwenye ardhi oevu. Ndege wanaolindwa nao hawana pasipoti: baadhi ya wale wanaotua kwenye matope ya Burgao na Kiunga wakati wa kaskazi wametoka Ulaya na Asia.

Anayeruhusiwa kuwinda achague nini?

Nchini Kenya swali hili limefungwa. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imefanya uwindaji wa starehe na wa kitoweo kuwa makosa. Anayevuka kutoka Burgao akiwa na bata bukini aliyepigwa bunduki, hata kama amempata upande wa pili, ajiandae kujieleza.

Tanzania uwindaji wa ndege upo kwa leseni, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na bunduki yenyewe humilikiwa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mwenye vibali vyote viwili ndiye anayehusika na aya zinazofuata.

Mbadala wa kwanza wa marisau ya risasi ni marisau ya chuma laini. Bei yake katika masoko mengi imekaribiana na ya risasi, nayo haina sumu. Kasoro yake ni wepesi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, lakini ya chuma ina gramu 7.8 tu. Chembe nyepesi hupoteza kasi mapema. Dawa yake ni mbili: kupanda ukubwa wa chembe kwa namba mbili hivi kuliko ulivyozoea kwenye risasi, na kupunguza umbali. Kwa bata bukini, chembe za milimita 3.5 hadi 4 zinafaa, na mpigaji asivuke mita 35. Anayerusha mbali zaidi hujeruhi ndege anayekwenda kufia kichakani.

Mbadala wa pili ni bismathi, yenye gramu karibu 9.6 kwa sentimita ya ujazo. Ni laini kama risasi na haiumizi mtutu wa zamani, lakini bei yake ni mara kadhaa ya chuma. Wa tatu ni mchanganyiko wa tangsteni, mzito kama risasi au kuipita, na ghali zaidi ya zote.

Hapo ndipo suala la bunduki ya bei nafuu linapoingia, na ndipo wengi hukosea hesabu. Bunduki kuukuu ya mitutu miwili huonekana rahisi dukani. Lakini nyingi za zamani zina chemba fupi ya milimita 65, mitutu myembamba na mdomo uliobanwa sana. Bunduki ya namna hiyo haifai katriji nzito za chuma. Mwenye nayo atalazimika kununua bismathi maisha yake yote, na baada ya misimu michache atakuwa amelipa bei ya bunduki ya pili.

Kwa viwango vya Ulaya, katriji ya chuma ya kawaida haizidi chembe za milimita 3.25, na huweza kupigwa na bunduki nyingi zilizo salama. Chembe kubwa zaidi, ambazo ndizo za bata bukini, huingia kwenye katriji zenye nguvu, na hizo zinahitaji bunduki iliyojaribiwa kwa ajili hiyo. Alama yake ni ua la yungiyungi lililochongwa kwenye chuma cha mtutu. Chemba iwe ya milimita 70 au 76 kulingana na katriji, na mdomo wa mtutu usiwe umebanwa kupita nusu. Bunduki ya mtutu mmoja au ya kukokwa kwa mkono, mpya, isiyo na mapambo na yenye alama hiyo, kwa kawaida ndiyo nafuu ya kweli.

Mnunuzi wa bunduki iliyotumika aifungue achungulie ndani ya mtutu kwenye mwanga: pasiwe na kutu iliyokula, wala mbonyeo, wala uvimbe. Aitikise sehemu ya kiungo aone kama inacheza. Akiwa na shaka, ampelekee fundi mwenye leseni kabla ya kulipa.

Gobole halimo katika mjadala huu. Bunduki hiyo ya kienyeji haina alama ya majaribio, hujazwa vipande vya chuma na risasi visivyo na kipimo, na mara nyingi humdhuru mwenyewe. Isiyosajiliwa ni silaha haramu.

Jambo la mezani pia lisisahaulike. Chembe ya risasi ikipita kwenye nyama huacha vumbi ambalo halionekani kwa macho, na kupika hakuliondoi. Mamlaka za chakula za baadhi ya nchi za Ulaya huwashauri wajawazito na watoto wadogo wasile kabisa nyama ya mnyama aliyepigwa kwa risasi. Kwa Muislamu lipo pia suala la kumwahi ndege akiwa hai na kumchinja. Kwa aliyekufa kwa marisau kabla hajafikiwa, mafakihi wana maneno yao, na masheikh wa Lamu na Kismayu ndio wa kuulizwa.

Chubwi: risasi inayoingia jikoni

Kwa msomaji wetu wa Burgao, bunduki ni habari ya mbali, lakini chubwi ni mkate wa kila siku. Mshipi bila chubwi hauzami, na jarife bila uzito kwenye kamba ya chini huelea kama nguo iliyoanikwa. Risasi imependwa kwa kazi hiyo kwa sababu mbili: ni nzito, na ni rahisi kuyeyusha. Huyeyuka kwa nyuzijoto 327, ambazo moto wa kuni au makaa huzifikia bila shida. Mtu mwenye sufuria kuukuu, kijiko na kalibu ya mchanga anaweza kumimina chubwi mia moja kwa asubuhi moja.

Urahisi huo ndio hatari yake. Risasi inapoyeyushwa hutoa moshi na vumbi. Vumbi hutua kwenye mchanga wa uani, kwenye nguo na kwenye mikono. Mtoto anayetambaa huweka mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto, kiasi kidogo hupunguza akili na usikivu, na kiasi kikubwa huleta degedege na kifo. Kwa mjamzito, hupita hadi kwa mtoto tumboni. Kwa mtu mzima, hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo.

Wako watakaosema babu zetu walishika chubwi za risasi na wakafika uzeeni. Ni kweli kwamba kushika chubwi iliyopoa si sawa na kuvuta moshi wake. Lakini hebu tutazame Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi karibu na Dakar, Senegal. Kwa miaka mingi mafundi wa pale walivunja betri za magari na kumimina uzito wa nyavu, na hakuna aliyepiga kelele. Bei ya risasi ilipopanda, wakazi wakaanza kuchimba mchanga wa mitaa yao kuchekecha mabaki. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa pale kwa sumu ya risasi. Mchanga ulikuwa umeitunza sumu miaka yote hiyo.

Jirani zaidi ni Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe alikutwa na sumu hiyo, aliongoza madai ya wakazi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikatengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kiwanda kina mlango wa kugongwa na mwenyewe wa kushtakiwa. Sufuria ya uani haina. Familia ya kisiwani ikiugua, hakuna mahakama itakayoilipa.

Hesabu ya mizani chini ya maji

Mvuvi hanunui uzito wa nchi kavu. Ananunua uzito unaobaki kitu kikishazama, kwa maana maji ya bahari hubeba sehemu ya kila kinachotumbukizwa. Mfanyabiashara anayejua hesabu hiyo anaweza kumshauri mteja bila kubahatisha.

Kilo moja ya risasi ikizama baharini huvuta kama gramu 910. Kilo moja ya chuma huvuta kama gramu 870. Kilo moja ya zege ya saruji na mchanga huvuta kama gramu 550, na jiwe gumu zito huvuta kama gramu 610. Kwa hiyo anayetaka kuondoa kilo moja ya risasi kwenye wavu wake aweke kilo moja na gramu 50 za chuma, au kilo moja na nusu ya jiwe, au kilo moja na gramu 650 za zege.

Maana yake ni kwamba chuma karibu hakipungukiwi kitu kwa uzito. Kinachoongezeka ni unene, kwa kadiri ya mara moja na nusu. Kasoro nyingine ni kutu. Chuma kitupu kwenye maji ya chumvi huliwa, na kutu yake huchafua uzi wa nyavu. Nati na pete za chuma zilizopakwa zinki hudumu zaidi. Zikichakaa hubadilishwa, na hazimdhuru anayezishika.

Zege ni rahisi kuliko zote. Kikombe cha plastiki, saruji, mchanga uliooshwa kwa maji baridi na kipande cha bomba cha kupitishia kamba vinatosha. Ziachwe zikomae kwa wiki kadhaa zikiwa na unyevu, ama sivyo zitapasuka zikigonga mwamba. Kwa jarife linalokaa mahali pamoja na kwa mitego ya kamba koche, zege hutosha. Kwa mshipi wa maji marefu wenye mkondo mkali, ambako mvuvi anataka kitu chembamba kinachozama haraka, chuma ndicho kinachokaribia risasi.

Wavuvi wa Uingereza walipita njia hii. Mabata maji makubwa meupe ya mito yao, yale yenye shingo ndefu, yalikuwa yakifa kwa kumeza chubwi ndogo zilizopotea. Kuanzia 1987 uuzaji wa chubwi za risasi zenye uzito wa gramu 28.35 kushuka chini ulipigwa marufuku isipokuwa zile ndogo kabisa, ndege wakaongezeka, na uvuvi ukaendelea.

Betri kuukuu si bidhaa ya kawaida

Kuna mzigo mwingine unaofuatana na chubwi: betri kuukuu za magari, mashua na umeme wa jua. Uzito wa betri ya namna hiyo ni risasi zaidi ya nusu, kwa hiyo ina bei, na kwa hiyo ina wanunuzi.

Chini ya Mkataba wa Basel wa 1989, betri zilizokufa za risasi na tindikali ni taka hatari. Hazivukishwi mpaka bila nchi zinazohusika kuarifiwa na kukubali kwa maandishi. Mchuuzi anayezipakia chini ya magunia akidhani ni vyuma chakavu amebeba shehena inayohitaji kibali, na tindikali ikimwagika kwenye jahazi la mbao, mbao, kamba na ngozi ya baharia vyote vitaungua.

Betri isivunjwe kisiwani. Ikusanywe nzima, isimame wima, vifuniko vimefungwa, nayo ipelekwe kwa mkusanyaji mwenye leseni. Bei ya betri nzima ni ndogo kuliko ya risasi iliyomiminwa, lakini tofauti hiyo ndiyo inayolipwa na watoto wa anayeivunja.

Kabla ya kung'oa nanga

Kwa mwenye duka na mwenye jahazi wa njia ya Burgao, mambo haya yafaa kubandikwa ukutani.

Kwanza, usiandike "risasi" peke yake kwenye orodha ya mzigo. Andika "chubwi za kuvulia" au "uzito wa nyavu", taja idadi na kilo, na uziweke mahali pa kukaguliwa kwa urahisi. Mzigo ulio wazi hukaguliwa upesi.

Pili, usibebe katriji, hata tupu, hata moja, hata kwa jamaa. Mwenye leseni hununua mwenyewe kwa muuzaji mwenye leseni, ndani ya nchi iliyompa leseni.

Tatu, ukiagiza nyavu mpya, muulize muuzaji kamba ya chini imejazwa nini. Nyavu nyingi huja na risasi ndani ya kamba, na mteja hajui mpaka kamba ikatike. Agiza chache zenye uzito wa chuma, uwape wavuvi wawili watatu wazijaribu msimu mmoja, kisha usikilize wanavyosema juu ya mkondo na kutu.

Nne, kama bado unauza chubwi za risasi, ziuze zikiwa zimetengenezwa tayari. Usiuze vipande vya kuyeyusha nyumbani. Atakayeyeyusha kwa hali yoyote afanye hivyo mbali na makazi, upepo ukiwa mgongoni, bila mtoto wala mjamzito karibu, kwa sufuria isiyorudi jikoni, na aoge na kubadili nguo kabla ya kuingia ndani. Na chubwi isifungwe kwa meno, jambo ambalo kila mvuvi analijua na wengi bado wanalifanya.

Tano, mtoto wa nyumba yenye kazi ya risasi akianza kuumwa tumbo mara kwa mara, kukosa choo, kupungua damu au kuwa mzito wa kujifunza, mganga aambiwe kuhusu risasi. Dalili hizo hufanana na za minyoo na malaria, na asiyeambiwa hatapima. Kipimo cha damu hufanywa na maabara za hospitali kubwa za Mombasa na Nairobi, na anayesafiri na mzigo wa samaki anaweza kuunganisha safari hiyo na ya mtoto.

Upepo wa kusi unapotulia na majahazi yakaanza tena safari za kaskazini, wenye maduka ya nyavu wa Lamu watakuwa wakiandika oda zao. Swali la kumuuliza mleta nyavu ni fupi: kamba ya chini ina risasi, au ina chuma?